Misa ya Mzee Niliyemuua Kitabuni

Jumapili ile parokiani Mapera, katekista aliposoma nia za misa, alifika mahali akasema tumwombee marehemu mzee wa Ulaya, kwa ombi la mama yangu. Sikujua kama tuna marehemu Ulaya. Wanawake wa benchi la mbele waligeuka kunitazama, kisha wakainama haraka.

Tulipotoka nilimuuliza mama, "Mzee gani huyo?"

Alingoja tuwapite watu. "Yule uliyemziba pumzi kwa mto."

Nilicheka. Mama akasimama pale njiani, kando ya mibuni, rozari ingali mkononi, machozi yakimlenga. Ndipo nikajua hatanii.

Naandika riwaya za uhalifu. Niliishi ughaibuni miaka mingi, na riwaya yangu ya kwanza inasimuliwa na mwanamke anayemtunza tajiri katika nyumba ya wazee, kisha anamuua. Niliandika "mimi" tangu ukurasa wa kwanza. Mwanamke huyo nilimpa kijiji cha kahawa na ukungu, na mama mjane. Mama alikisoma kitabu chote, akamwazima shangazi yangu wa Mbamba Bay, na tangu hapo akawa anafunga kila Ijumaa kwa ajili yangu.

"Mama, ile ni hadithi. Sijaua mtu."

"Dawa zile, na namna mgonjwa anavyogeuzwa kitandani, uliyajulia wapi? Si uliniambia uko ofisini?"

Kicheko kikaniisha. Ofisi haikuwepo. Nilikuwa naogesha wazee, nawabadilisha nepi, nawalisha kwa kijiko. Ofisi ile mama alikuwa ameitangaza kwa jumuiya nzima, nami nikamwacha aitangaze. Nikamweleza ukweli wote.

"Mimi nilimuogesha bibi yako mpaka anakufa," akasema. "Hilo ndilo la kumficha mama yako?"

Akauliza kama yule mzee alikuwepo kweli. Nikasema alikuwepo, alikufa kwa uzee tu, na alikuwa mpole. Alinifundisha lugha yao, akinisahihisha taratibu huku namfunga vifungo vya shati. Kitabuni nilimfanya katili ili msomaji asimhurumie.

Mama alitikisa kichwa. Naona hilo lilimuuma kuliko yale mauaji.

Wiki hiyohiyo alinishurutisha tuteremke ziwani kwa shangazi. Nilisema, "Shikamoo, shangazi," naye akaitikia, lakini mkono hakunipa. Majirani wawili walikuwa barazani wakianika dagaa. Mama hakungoja hata kukaribishwa kiti.

"Huyu hakuua mtu," akasema. "Alikuwa anaogesha wazee. Alichonidanganya ni kazi."

Uso uliniwaka moto. Afadhali wangeendelea kuniona muuaji, niliwaza, na wazo hilo likanitia aibu zaidi.

Shangazi alinikagua toka kichwani hadi miguuni. "Kama kazi hiyo unaijua, ingia ndani."

Ndani alilala mama mkwe wake, amepooza, mgongo umeanza vidonda. Niliomba maji ya uvuguvugu na shuka safi, nikakunja mikono ya blauzi, nikamgeuza ubavu taratibu. Mama na shangazi walisimama mlangoni wakitazama. Sikuthubutu kuinua macho.

Bibi huyo alinung'unika kwa Kinyasa, lugha ya huko ziwani nisiyoielewa. Shangazi akaniambia anasema maji ni ya baridi. Nikaongeza ya moto.