Matumizi ya Haki Barazani kwa Anjelina

Anjelina wa Makutupora ana mikono iliyochanwa na mizabibu na mdomo ambao hakuna aliyewahi kuufunga. Msimamizi wa shamba akiwapunja vibarua, wenzake wananung'unika, yeye anasema. Ni yeye pia aliyekuwa wa kwanza mtaani kuchukua ruta, pale kampuni moja ya mjini ilipopita na gari la maspika ikitangaza intaneti ya nyumbani kwa kila familia, bei ya mnyonge. Binti yake Ruthu alikuwa anarudia mtihani wa kidato cha nne. Hesabu ndizo zilizomwangusha, na mwalimu wake alikuwa mjini, akifundisha kwa video kila jioni. Bando la simu lilikuwa linakata mwalimu akiwa bado anasalimia.

Mwanzoni, raha tupu! Mwalimu aling'aa kwenye simu kama bwana harusi. Sasa, kwao Anjelina mtu hali ndani huku watoto wa jirani wamesimama nje. Unawaita, wananawa. Basi akawaita. Neno la siri likatembea mtaa mzima, baraza ikajaa watoto na simu za mama zao, huyu na zoezi la sayansi, yule na insha.

Mara spidi ikafa. Mwalimu akaganda mdomo wazi, chaki juu, kama mtu aliyenyimwa chafya.

Anjelina akajifunga khanga safi, huyoo mjini hadi ofisini kwao. Binti wa kaunta, Brightness, mwenye kucha ndefu hadi unajiuliza ugali anausongaje, akatazama kompyuta.

"Shikamoo mama. Umekiuka sera ya matumizi ya haki."

"Marahaba. Haki ya nani niliyokiuka?"

"Umewagawia majirani. Ona simu zote hizi!"

"Kwa hiyo, mwanangu, kugawa ni dhuluma, kunyima ndiyo haki?"

"Hiyo ni lugha ya mkataba tu, mama."

"Basi lugha hiyo irudisheni mlikoiazima!"

Foleni nzima ikacheka. Brightness naye akacheka, kisha akashusha sauti. "Badilisha neno la siri, abaki binti yako tu. Spidi itarudi leo leo. Mimi sina uwezo mwingine, mama yangu."

Jamani! Hata sisi tulioikimbia shule darasa la sita, kwa kuwa akili za kuzaliwa zilishatutosha na kumwagika, tunaelewa: ukipita na maspika ukiita kila familia, usije ukaiadhibu familia kwa kosa la kuwa na majirani. Huo ni utapeli uliovaa tai.

Jioni Anjelina akabadilisha. Mwalimu akafufuka, chaki ikashuka, milinganyo ikaendelea. Barazani watoto wakaanza kuinua simu juu, wakizigeuza huku na huku.

"Mama Ruthu, imekata?" akauliza Iddy, yule wa insha.

"Imekata, baba. Nendeni nyumbani."

Wakaondoka, mmoja mmoja, bila kelele. Ruthu akainua uso kutoka kwenye daftari, akamtazama mama yake.

"Unanitazama nini?" Anjelina akafoka. "Andika! Wewe andika tu!"