Kioo cha Mbele cha Gari la Babu

Juzi nilipeleka gari langu gereji kwa sababu waipa ilikuwa imekwaruza kioo cha mbele. Kijana wa hapo alikitazama mara moja tu, akasema, "Hiyo ni kutoa, madam, tunaweka ingine. Kaa hapo unywe soda." Nikakaa. Lakini, rafiki yangu, soda ile sikuimaliza. Nilikuwa nimesharudi Merigi, kijijini kwa babu, kwenye likizo moja ya Agosti ya miaka ya tisini, mvua ikinyesha kila mchana, na nyumbani tuko wawili tu, mimi na babu.

Tulizoea kuwa watatu. Mama yangu aliolewa mbali nikiwa bado mtoto wa mgongoni, akaniacha kwa wazazi wake, kwa hiyo nyanya ndiye niliyemjua kama mama. Likizo ile nyanya alikuwa amelazwa hospitali ya misheni kule Kaplong, akiugua tumbo. Nyanya alikuwa mtu wa kelele. Aligombeza kuku, akagombeza ng'ombe, akaimba nyimbo za kanisa tangu mstari wa kwanza wa chai hadi wa mwisho. Alipoondoka, asubuhi ulisikia matone yakidondoka kutoka kwenye mabati na redio ya babu ikisoma matangazo ya vifo, basi. Nilijaribu kusafisha kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya mgando, kwa mkaa kama nilivyomwona akifanya, lakini maziwa yalitoka machungu. Babu aliyanywa hivyo hivyo.

Babu alikuwa dereva kwenye mashamba makubwa ya Kericho kabla ya kustaafu, na alikuwa na gari lake mwenyewe, la rangi ya krimu, la zamani hata kwa wakati ule. Injini haikuwa na neno. Shida ilikuwa kioo cha mbele. Raba ya waipa ilikwisha, chuma kikachora upinde mbele ya macho ya dereva, na changarawe zilizorushwa na malori ya chai zilikiachia vidonda vidogo vidogo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Jua likikipiga, kioo kizima kiliwaka, huoni barabara. Jioni moja nusura agonge ndama. Akaliegesha gari kibandani, na kioo kingine cha aina ile alikitafuta hadi Kisumu asikipate. Ndiyo maana nyanya alipozidiwa, alipelekwa kwa pikapu ya maziwa.

Nyanya alipomaliza wiki ya kwanza hospitalini, babu alirudi kutoka Kericho mjini na poda ya kung'arishia vioo, ya rangi ya matofali, aliyopewa na fundi wa miwani. Akachukua kofia yake ya kanisani, ile nzito ya sufu, akaikata vipande kwa kisu cha jikoni. Nikashtuka. Nyanya angekuwepo, kisu kingemgeukia babu mwenyewe.

Mimi niliketi ndani ya gari, nikizungushia chaki kila mkwaruzo ili yeye auone akiwa nje. Yeye alikoroga poda na maji kama uji, akasugua kioo kwa kipande cha kofia, kwa mviringo, taratibu, huku nikitoka mara kwa mara kunyunyiza maji ili kioo kisipate moto. "Kioo hakitaki hasira," alikuwa akisema. Kutwa nzima hilo ndilo neno nililosikia. Mimi nyuma ya kioo, yeye mbele yake, tukitazamana kupitia ile poda nyekundu, na kila mtu akimuwaza yule yule. Siku moja niliona midomo yake ikicheza. Nilidhani ananiita, nikashusha dirisha. Kumbe alikuwa anaimba wimbo wa nyanya, kwa sauti ndogo sana, na maneno ameyakosea.

Mama jirani, aliyekuja kutoka upande wa Kisii kuchuma chai na kukaa moja kwa moja, alituletea ndizi za kupika, akasimama akitutazama.

"Mzee, si upande tu gari ya watu uende umuone?"

"Alitoka hapa amelala katikati ya mitungi ya maziwa," babu akamjibu bila kuacha kusugua. "Atarudi amekaa mbele."

Mama jirani akaziweka ndizi mlangoni, akaenda zake.

Mikwaruzo mikubwa haikutoka yote, na vile vidonda vilibaki. Hata hivyo, asubuhi moja babu alitoa gari nje, akaligeuza lielekee jua, akakaa kwenye usukani, akaipima barabara kwa macho. "Vaa viatu," akaniambia.

Sijawahi kuiona njia ile ya Kaplong ikiwa nzuri vile. Chai ilikuwa imeoshwa na mvua, kijani kibichi hadi kule mwisho, na wachumaji wenye vikapu mgongoni walitupungia mikono. Nilikaa nyuma. Kiti cha mbele tulikuwa tumekitandikia leso ya nyanya, naye babu hakutaka hata mfuko uwekwe pale.

Pale wodini kitanda cha nyanya kilikuwa na mtu mwingine. Muuguzi alimshika babu mkono, akamsogeza kando.

"Mzee, hamkuambiwa? Mtoto wenu alikuja jana. Amempeleka Nairobi, kwa daktari mkubwa."

Mjomba, mwana wao aliyeishi Nairobi, alikuwa ametuma salamu na mtu, na mtu yule hakufika. Hakuna aliyetukosea. Babu alishukuru mara mbili, akavua kofia ambayo hakuwa nayo, mkono wake ukapapasa kichwa kitupu.

Tulipofika kwenye gari nilifungua mlango wa nyuma.

"Kuja mbele," akasema.

"Hapo ni pa nyanya."

"Kuja tu, mama. Barabara ni ndefu."

Nikakaa juu ya leso. Jua lilikuwa limeanza kushuka, likatupiga usoni, na tuliona kila kitu.

Nyanya alirudi mwezi wa Disemba ndani ya jeneza, kwa gari lenye maua, na ndugu wengi nyuma yake. Babu aliishi miaka mingine, lakini kupika hakujifunza.

Siku hizi Kaplong ni lami hadi mlangoni, na mgonjwa akiruhusiwa kutoka, simu zinalia kabla hajafunga viatu. Ni vizuri. Sitaki mtoto mwingine akute kitanda kina mgeni. Ila simu ingelia asubuhi ile, tusingetoka nyumbani, na mimi nisingekuwa na ile safari ya kwenda: babu amenyoa ndevu, chai inang'aa pande zote mbili, na sisi wawili tuna hakika kabisa kwamba huko mbele kuna mtu amevaa, ameketi ukingoni mwa kitanda, anatungoja.