Mbuzi Mnono wa Sadaka ya Mavuno

Mimi sichezi na mali ya mtu. Ndiyo maana marehemu baba alipowaachia wajukuu wake pesa kwenye wasia, alinichagua mimi nizisimamie. Niliwanunulia mbuzi, nikawafuga pamoja na wangu hapa Sagalla.

Jumapili iliyopita, siku ya mavuno, nilichagua zizini mbuzi mnono kuliko wote nikampeleka kanisani apigwe mnada. Kwa unono ule, sikuhitaji kuuliza ni wa nani.

Mchungaji akasema, “Mwenye sadaka hii asimame tumwombee.”

Nikasimama, nikafunga vifungo vya koti. Kwenye benchi la watoto, Wakesho, binti wa marehemu ndugu yangu, naye akasimama.

“Baba mkubwa, huyo ni wangu,” akasema. “Wako ni wale wamekonda.”