Siku Mama Alipokata Bomba la Mjomba

Zamani maji ya kijiji chetu yalikuwa mikononi mwa viongozi wa kijiji. Yanatoka kwenye chemchemi juu ya kilima na kuteremka kwa bomba, ila kamati iliyoyasimamia iliteuliwa na viongozi, na hao hao ndio walioikagua. Mjomba, kaka mkubwa wa mama yangu, aliiongoza kwa miaka mingi. Sisi wa kitongoji cha chini tulipata maji asubuhi tu, tena si kila siku.

Kisha utaratibu ukabadilika. Tukaambiwa na serikali kwamba watumia maji waunde chombo chao, kijisimamie, na kiongozi yeyote wa kijiji asiwemo. Nilikuwa nimefunga duka langu la mjini, Majengo, nimekuja kijijini kusaidia kuvuna ulezi, kwa hiyo uchaguzi nikaushuhudia. Akina mama wa kitongoji chetu walimpendekeza mama awe mwenyekiti, na mikono ikanyooshwa kila upande.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kulikagua bomba kuu pamoja na fundi. Nilifuatana nao. Nyuma ya shamba la mjomba tukakuta bomba la plastiki limeungwa kwa siri, limefukiwa, linamwaga maji mahali anapofyatulia matofali.

Mama akaenda kwake siku hiyo hiyo.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Nasikia umekuja kunikatia maji."

"Bado. Nimekuja kukuita mkutanoni. Useme yako, watu waamue."

"Mdogo wangu niliyembeba mgongoni ndiye wa kunipeleka mkutanoni?"

"Ulinibeba, sijasahau. Lakini maji haya si yangu, kaka, hata nikugawie."

Mkutanoni mjomba alieleza kwamba bila maji yale kazi yake ingekufa. Walimsikiliza hadi mwisho, kisha wakaamua bomba likatwe, naye aombe kuunganishiwa kwa mita kama mtu mwingine yeyote. Fundi alipokuwa akikata, mama alisimama pembeni machozi yakimtoka, wala hakuondoka. Jioni ile bomba la kitongoji chetu lilitoa maji kwa nguvu, ndoo zikafurika.

Mjomba hakukanyaga kwetu kiangazi chote. Mama aliumia.

Mvua zilipoanza nilirudi tena kutoka Majengo kwa ajili ya kupanda mahindi, nikamwona mjomba mkutanoni, amekaa nyuma. Akasimama.

"Juzi mlifunga maji bila taarifa. Kwa nini?"

Watu wakaguna. Mmoja akamwambia akae.

"Mwacheni," mama akasema. "Ana haki ya kuuliza, na mimi ni wajibu wangu kumjibu."

Akaeleza kwamba walikuwa wanasafisha tangi na kwamba kutotangaza lilikuwa kosa lake. Tangu siku hiyo tangazo lingetolewa mapema, kila kitongoji.

Mjomba akaitikia kwa kichwa, akaketi.

Nilijivunia mama siku bomba lilipokatwa. Lakini siku hii, alipokuwa akimjibu kaka yake mbele ya watu wote, nilijisikia fahari hata nikashindwa kukaa. Nikaenda kusimama mlangoni ili nimwone vizuri.