Gari la Mama

Niliolewa nikiwa nimeshakuwa mtu mzima, mwalimu wa shule ya msingi niliyezoea kujipikia na kula huku nasahihisha madaftari. Aliyenioa alikuwa mpima ardhi, mtu wa maneno machache, amefiwa na mkewe. Mimi kwetu ni Mbesa, wilaya ya Tunduru, na Songea nilikuja kwa uhamisho. Yeye alikuwa na nyumba yake Bombambili na binti mmoja aliyekuwa chuoni Mbeya. Ndoa yetu ilikuwa ya kimya: msikitini, ndugu wachache, pilau, basi. Nikahamia kwake na mabegi yangu na cherehani.

Jumapili ya kwanza niliamka nikakuta upande wake wa kitanda umeshapoa. Ilikuwa kipindi cha baridi, ule ukungu wa Songea unaofanya hata kuku wachelewe kushuka. Nikasikia maji nje. Nilipochungulia dirishani nilimwona uani chini ya mparachichi, amekunja mikono ya shati na kupiga goti mbele ya gari dogo la buluu. Usiku wa kuhamia nililiona limefunikwa turubai, nikadhani ni bovu. Sasa alikuwa amelifunua na alikuwa analiosha taratibu, kama hana safari nyingine maishani.

Nilisimama pale dirishani kwa muda mrefu. Kwanza alilimwagia maji matupu ili vumbi lishuke lenyewe, maana ukisugua vumbi letu jekundu likiwa kavu, unaikwaruza rangi. Kisha akachukua ndoo mbili, moja ya povu na nyingine ya kusuuzia sponji, akaanza juu ya paa akiteremka. Magurudumu yalikuwa na kitambaa chake. Alipomaliza akalikausha, akapiga polishi kwa kuzungusha mkono duara ndogo ndogo, na mwisho akaja na kopo la nta. Nta hiyo aliipaka kwa ncha za vidole, kidogo kidogo, kama mama anayempaka mtoto mafuta baada ya kumwogesha. Akaiacha ipauke, akaifuta, akarudi nyuma hatua chache kutazama. Usoni mwake niliona utulivu ambao sikuwa nimeuona hata siku ya ndoa.

Nikajiambia wanaume ndivyo walivyo na magari.

Aliyenitoa ujinga ni jirani yetu, mama mmoja wa Kimatengo anayeuza dagaa wa Nyasa. Nilikwenda kwake kununua dagaa, nikamwamkia, tukaongea habari za hali ya hewa, halafu akaniuliza kama mzee bado anaosha gari la mama. Nilidhani anasema mama mzazi. Akanieleza bila ubaya wowote kwamba gari lile lilikuwa la marehemu. Alikuwa muuguzi, alijinunulia mwenyewe, na mtaa mzima ulimjua nalo. Wajawazito wangapi aliwapeleka hospitali kwa gari lile, hata yeye jirani hakumbuki. Tangu azikwe halijabeba mtu. Mzee huliwasha, huliacha lingurume kidogo, hulizima.

Nilirudi nyumbani na dagaa wangu, nikakaa jikoni bila kuwasha moto.

Kuanzia siku hiyo sikuwa na Jumapili. Nilikuwa naamka naye, napika chapati, nafagia, lakini masikio yangu yote yako uani. Kile kishindo kidogo cha sponji kutumbukia ndooni kilinichoma kuliko kama ningemsikia anaongea na mwanamke kwenye simu. Kopo la nta lilikuwa linaagizwa Dar es Salaam na kuja kwa basi, na alilihifadhi kabatini chumbani kwetu, juu kabisa, lisipate joto. Vitambaa vyake alivifua mwenyewe na kuvianika kwenye kamba ya peke yake. Siku moja nilichukua kimoja nikafutia meza. Alikichukua, akakifua upya, akakianika, na mimi nikabaki na meza yangu.

Nilijaribu kushindana. Naandika haya sasa na aibu inanishika, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilijipaka hina, nikashona dera jipya la kijani, nikajifukiza udi Jumapili asubuhi kama bibi harusi, nikampelekea chai uani.

"Asante, mwalimu," alisema. "Weka hapo kwenye kigoda."

Mwalimu. Mtaa mzima uliniita hivyo na yeye pia aliniita hivyo. Nikaiweka chai pale na kusimama kidogo ili udi umfikie. Alikuwa amelala chali akifuta chini ya mlango. Nilipokuja kuchukua kikombe, chai ilikuwa imefanya utando.

Mvua zilipoanza ilikuwa mbaya zaidi. Nilikuwa nasimama barabarani asubuhi na viatu nimevitia kwenye mfuko wa plastiki, nasubiri bodaboda iliyonipitisha kwenye matope hadi shuleni. Yeye aliondoka kwa pikipiki ya kazini amevaa koti la mvua. Na gari lilibaki nyumbani chini ya kibanda cha bati alicholijengea mvua zilipokaribia, kavu, linang'aa. Niliwahi kumwambia kwa upole kwamba siku za mvua labda tungelitumia. Akanijibu kwa upole zaidi kwamba litachafuka. Upole wake ndio ulionimaliza. Alinijali, lazima niseme kweli. Sijawahi kukosa chochote ndani ya nyumba, hajawahi kunipazia sauti. Lakini ule ulikuwa ni wema wa mtu na mgeni wake.

Ningekuwa na mke mwenza aliye hai, ningejua la kufanya. Ningemsema, ningemnunia, tungegombania hata sufuria. Huyu alikuwa chini ya ardhi na kila aliyemtaja alimwombea rehema. Na mimi pia nilimwombea, kwa mdomo. Moyoni nilikuwa nauliza kwa nini asipumzike kabisa.

Halafu mume wangu akaanguka. Alikuwa anarudi kutoka Namtumbo walikokuwa wanapima viwanja, pikipiki ikateleza kwenye lami yenye maji, akavunjika mfupa wa bega. Alirudi nyumbani mkono wa kulia umening'inizwa shingoni. Nilimwogesha, nilimlisha, nilimfunga vifungo vya shati, na katika shida ile nilipata raha ambayo sikuitegemea. Jumapili ikafika, nikamwona amekaa kitandani, ameangalia upande wa uani. Hakwenda. Ya pili pia hakwenda. Vumbi likaanza kulala juu ya buluu ile, mvua ikapeperushwa kibandani ikaacha madoadoa, na kuku wa jirani wakagundua kwamba boneti ni mahali pazuri pa kujikinga na mvua. Mimi nilikuwa nawaona. Sikuwafukuza.

Nilimshauri tuwaite vijana wa kuosha magari walioko karibu na stendi. Akasema hapana, wale wanatumia sabuni ya unga na brashi. Zikapita siku kadhaa. Kisha Jumapili moja, baada ya chai, akaniomba nimsaidie. Aliomba kama mtu anayeomba kitu kikubwa, ameangalia chini.

Nilitaka kukataa. Nilijifunga khanga kiunoni nikatoka.

Alikaa kwenye kigoda na kunielekeza. Maji kwanza. Usisugue. Paa, halafu vioo, halafu milango. Geuza sponji. Suuza. Sikuwa nimewahi kuligusa gari lile hata kwa kidole, na sasa nilikuwa naupitisha mkono wangu kila mahali, kwenye vishikio vya milango alivyovishika marehemu, kwenye kioo cha pembeni alichojitazamia yeye. Ndani, nilipofuta dashibodi, nilijikuta natafuta harufu. Hapakuwa na harufu ya mtu, ila ya viti vilivyokaa muda mrefu. Nilisugua kwa hasira na mkono ukauma, naye pale kigodani hakujua. Alisema tu kwamba nina mkono mzuri.

Nilipofika kwenye nta ndipo nilipouona. Kwenye mlango wa dereva, chini ya kishikio, palikuwa na mkwaruzo mrefu kama kiganja. Ukiwa mbali huuoni. Ulikuwa wa zamani, na kando yake rangi ilikuwa imepigwa polishi mpaka imekuwa kama kioo, lakini wenyewe ulikuwa umeachwa vilevile. Nikamwuliza kwa nini hakuupaka rangi, mtu anayejali namna ile.

Akasimulia, kwa maneno mengi kuliko aliyowahi kuniambia kwa siku moja. Marehemu alikwaruza gari kwenye geti la hospitali alipokuwa anatoka zamu. Yeye alipouona mkwaruzo alimfokea, akamwambia hajui kuendesha, akamwambia mbele ya binti yao. Mama naye hakuwa mtu wa kunyamaza. Alimrushia funguo kifuani, akasema kama gari ni zuri kuliko yeye basi alale nalo. Walinuniana, kila mmoja chumba chake. Katikati ya kule kununiana ndipo mama akaanza kuumwa, na baada ya hapo hapakuwa na muda wa kurudi kwenye yale maneno.

"Nilikuwa nataka aniombe radhi kwanza," akasema. "Mpaka leo nashangaa nilikuwa nataka radhi ya nini."

Najua mke mwema angefanya nini hapo. Angeacha kitambaa, angekwenda kumshika bega zima. Mimi nilibaki nimechuchumaa pale mlangoni, nta imenikaukia vidoleni, na kitu kilichonipanda rohoni hakikuwa huruma. Kwa miezi yote ile nilikuwa nauonea wivu upendo wao. Sasa nikauonea wivu ugomvi wao. Mwanamke yule alirushiwa maneno naye akarusha funguo. Mimi niliambiwa asante, mwalimu. Mimi hakuwahi kuninunia hata kwa nusu saa.

Nilimaliza kufuta nta. Nikaosha mikono. Nikaenda kusimama mbele ya kigoda chake nikamwambia nataka kujifunza kuendesha, na nataka kujifunzia gari hili.

Alisema tutaangalia. Nikamwambia hatuangalii kitu, bega likipona unanifundisha. Akasema gari ni la zamani, gia zake ngumu, atanitafutia mwalimu mwenye gari jingine. Nikamwambia sitaki gari jingine. Nikaendelea, nikijisikia sauti inavyopanda, na jirani yangu wa dagaa nikamwona ameacha kuchambua mchele wake. Nikamwambia nimechoka kupita kwenye matope wakati bati linakinga chuma.

Akasimama. Mkono mmoja umefungwa shingoni, ule mwingine umeninyooshea kidole.

"Wewe mwanamke, hilo gari si lako!"

"Najua ni la nani," nikasema. "Na mimi je? Mimi ni wa nani humu ndani?"

Aliingia ndani akaubamiza mlango hadi bati likalia. Nami nilikaa kwenye kigoda chake nikalia kidogo, na kusema kweli chini ya machozi nilikuwa na furaha. Ameniita wewe mwanamke. Amenibamizia mlango.

Siku tatu hatukusemeshana ila salamu. Nilimfunga vifungo vya shati bila kumtazama, naye akainua kidevu kunipisha bila kunitazama. Nilihesabu siku zile kwa hofu, maana nilikuwa nimeshajua walivyonuniana wao na ilivyoishia. Nadhani na yeye alihesabu. Jioni ya tatu, nikiwa nasonga ugali, alikuja akasimama mlangoni mwa jiko. Akasema hataki kukaa hivi tena na mtu. Akasema samahani. Nami nikasema samahani, ingawa sikuwa na hakika ni ya nini, tukala.

Bega lilipopona alinipeleka kwenye kiwanja kilichokuwa hakijajengwa, moja ya sehemu alizozipima mwenyewe. Alikuwa mwalimu mbaya. Alishika mlango kama tunazama, alinifokea kwenye klachi, nami nikamjibu. Mara moja nilichelewa kukanyaga breki akasema marehemu naye alikuwa na tabia hiyohiyo. Alilisema hivihivi, bila kupunguza sauti. Nilikanyaga breki kwa nguvu nikazima gari. Kijiwivu kikanichoma palepale pa zamani. Lakini niligundua kwamba nataka aendelee, nikamwuliza breki zake zilikuwaje, akanieleza, akacheka.

Leseni nilipoipata, safari yetu ya kwanza ndefu ilikuwa kwetu Mbesa kumwona mama yangu. Niliendesha mimi kipande kikubwa. Mama alizunguka gari lile, akajitazama kwenye mlango uliong'aa, akarekebisha mtandio wake, akauliza limetoka wapi. Mume wangu akainama kufuta vumbi kwenye kioo. Nikamwambia mama kwamba ni gari la nyumbani. Mama akasema kama ni la nyumbani basi lina kazi, akaleta korosho za ndugu zake wa Songea, mihogo, na jogoo aliyefungwa miguu.

Jogoo yule aliharibu kiti cha nyuma kuanzia Tunduru mjini. Jumapili iliyofuata tulikuwa wote wawili uani na ndoo zetu, yeye upande wake na mimi wangu. Bado kuna sehemu haniachii. Mlango wa dereva anaufuta mwenyewe, polepole, na akifika pale penye mkwaruzo huwa anaacha kuongea. Mimi naendelea na taa za nyuma. Naona wivu, ndiyo. Unadumu kama robo saa, halafu ananiita nimpe kitambaa kikavu.