Redio yangu ilikaa kwao: nilivyosoma ualimu huku nafundisha, na swali nililochelewa kuuliza

Wakuu, habari za Jumapili.

Nimesoma uzi wa kijana mmoja humu. Analalamika kwamba ana kazi, ana chuo cha jioni na ana binti anayempenda, na vyote vitatu vinamgombania. Nikacheka, halafu nikaweka simu chini. Mke wangu akauliza vipi, nikamwambia hakuna kitu.

Kipo kitu. Ngoja nikiseme.

Haya yalinipata mimi mwenyewe, Karagwe, sikuyasikia kijiweni. Wale wazee wa "hii chai", mnaoona kila stori ni ya kutunga, leteni vikombe vyenu, ila sukari mtajitegemea. Miaka ninayoisimulia sukari yenyewe ilikuwa ya kupanga foleni.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Vita vya Kagera vimeisha, maduka matupu, shule zimejaa watoto na walimu hawatoshi. Tukachukuliwa sisi tuliomaliza darasa la saba, tukapewa chaki, tukaambiwa fundisheni huku mnajifunza kufundisha. Nikapangiwa shule moja huko Rugu, darasa la tatu. Ndevu zangu zilikuwa bado hazijaamua kama zinaota au la.

Asubuhi nilikuwa nafundisha. Jumatatu na Jumatano mchana napanda baiskeli kwenda kituoni Nyaishozi, huko mkufunzi anatufundisha sisi walimu. Jumamosi naandika majaribio. Jumanne na Alhamisi alasiri kulikuwa na masomo ya redio, na mtihani ulikuwa ukiyatolea maswali mengi.

Sasa saa hiyohiyo ya redio mimi nilikuwa na zamu ya kusimamia wanafunzi kwenye shamba la shule, tunapalilia kahawa. Nikamwomba mwalimu mkuu anibadilishie.

"Redio haipalilii," akasema. Yakaishia hapo.

Mtauliza kwa nini sikuwategemea wenzangu. Rafiki yangu mkubwa pale kituoni alikuwa Projest, aliyekuwa akifundisha Nyakasimbi. Mtu mzuri sana, lakini redio alikuwa akiisikiliza amelala chali. Ukimuuliza somo lilihusu nini, anakwambia lilikuwa zuri.

Ndipo akaingia Verediana.

Kwao walikuwa wafugaji. Boma lao lilikuwa pembeni ya mbuga, njiani ninapopita kwenda Nyaishozi. Nilikuwa namwona kanisani, tunasalimiana, basi. Alisoma mpaka darasa la nne, baba yake akamtoa, maziwa yakawa ndiyo kazi yake. Kila alasiri alikaa kwenye kivuli cha nyumba na kibuyu kikubwa mapajani, anayasukasuka maziwa mpaka siagi itoke. Kazi hiyo inataka uvumilivu, mikono inakwenda na masikio hayana kazi.

Nikapata wazo. Nilikuwa na redio ndogo, zawadi ya kaka yangu. Nikamwendea baba yake, nikamwamkia, nikamwomba redio ikae kwake. Jioni yeye asikilize taarifa ya habari, na Jumanne na Alhamisi binti yake anisikilizie somo. Mzee aliipenda sana taarifa ya habari. Alikubali kabla sijamaliza kueleza.

Basi ikawa hivyo. Jumanne na Alhamisi nikitoka shambani, mikono ina udongo, napitia kwao "kuchukua somo". Mama yake ananipa maziwa, mimi nakaa kwenye gogo, Verediana anasimulia. Betri zikiisha nguvu alizianika juani pamoja na vibuyu, zikifufuka kidogo anafungulia saa ya somo tu.

Wakuu, yule dada alikuwa anajua kusimulia! Siku moja akaniambia: "Kumfundisha mtoto ni kama kumnywesha ndama aliyefiwa na mama yake. Ukimsukumia kichwa kwenye ndoo anapaliwa. Mpe kwanza kidole anyonye, halafu kishushe kidole polepole kwenye maziwa."

"Redio imesema hivyo?"

"Redio imesema anzia kwenye linalojulikana kwenda lisilojulikana. Ndama ni wa kwangu."

Nilicheka mpaka maziwa yakanimwagikia. Kesho yake nikafundisha kugawanya kwa ndama na ndoo, darasa zima likaelewa.

Ndiyo ikawa namna yangu ya kubalansi maisha, kama mnavyosema siku hizi. Kazi, chuo na moyo, vyote vikakutana kwenye gogo moja. Wenzangu Jumapili walikwenda kunywa rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, na kucheza ngoma. Mimi sikuona ninachokikosa. Nilikuwa naishi kwa ajili ya Jumanne na Alhamisi.

Nilimpenda. Nasema wazi, mke wangu hii stori anaijua. Lakini sikumwambia Verediana hata siku moja. Niliona inajulikana tu. Mwanaume gani anakaa kwenye gogo miezi na miezi kwa sababu ya redio? Nikajipangia: kwanza mtihani, kisha cheti, kisha nitaingia kwa mzee kichwa juu. Yeye naye hakusema. Binti wa kwetu wakati ule angesemaje?

Kiangazi kikawa kikali. Majani ya mbuga yakageuka rangi ya mkeka. Mzee akaanza kuzungumzia kuhamishia ng'ombe upande wa Kyerwa, ambako siku hizi ni wilaya inayojitegemea. Wakati huohuo ukafika muda wa kwenda chuoni kwenyewe, mwezi mzima wa masomo ya ana kwa ana. Tulikwenda kwa mafungu. Mimi fungu la kwanza, Projest la pili.

Siku ya kuaga nikamwambia mzee, "Baba, nikirudi nitakukuta?"

"Ng'ombe hawasubiri mtihani, mwalimu," akasema, bila ubaya.

Verediana alinisindikiza mpaka barabarani. Nikamwambia asisahau somo la Jumanne. Akasema hatasahau. Nikapanda baiskeli.

Niliporudi, boma lilikuwa tupu. Miiba ya zizi imelala chini, na jivu la pale walipokuwa wakifukiza vibuyu lilikuwa limepoa kitambo.

Jirani yao, Mama Anastazia, mama wa asili ya Burundi aliyekuwa akilima kibarua kwenye mashamba ya kahawa, akanitokea na redio yangu. Imefungwa kwenye kitambaa safi.

"Waitu mwalimu," akasema, kwa lile neno letu la heshima, "walingoja, majani yakaisha. Ameniachia na somo. Kanisemesha mara nyingi mpaka likakaa kichwani, nikupe kama lilivyo."

Akasimama wima, mikono ubavuni kama mtoto wa darasa la kwanza, akasema: "Somo la mwisho la redio. Mwalimu asidhani darasa limeelewa kwa sababu limenyamaza. Darasa huweza kunyamaza kwa heshima. Mwalimu aulize. Asipouliza, hatajibiwa."

Nikamshukuru. Nikalikariri kabisa, kwa ajili ya mtihani. Ndiyo, kwa ajili ya mtihani!

Sikuwafuata. Nilijiambia Kyerwa haihami, cheti kwanza. Fungu la pili likaenda chuoni likarudi, tukafanya mtihani. Kulikuwa na swali la namna ya kujua kama wanafunzi wameelewa, nikamwaga somo la Verediana lote. Nilitoka mle ndani nikitabasamu.

Jioni ile tukakaa na Projest, na mimi safari hii nikaonja rubisi. Nikamwambia, afadhali lile somo la mwisho la redio, la kuuliza darasa lililonyamaza.

"Somo gani?" akasema. "La mwisho lilikuwa zana za kufundishia. Hilo nalikumbuka, nilikaa macho. Nilitengeneza saa ya magamba ya mgomba, ipo darasani mpaka leo."

"Hakukuwa na habari ya darasa kunyamaza?"

"Hakuna, bwana. Nani kakwambia?"

Nikaweka kibuyu chini.

Asubuhi nikapanda baiskeli. Sitawachosha na vilima vya Kyerwa, wenyeji wanavijua. Nikauliza boma hadi boma mpaka nikawapata, karibu na mto Kagera. Mama yake akanipokea kwa furaha, akanikalisha, akanipa maziwa. Yalikuwa na harufu ileile ya moshi.

"Shikamoo mama. Nimekuja kuuliza," nikasema.

Akavuta kigoda, akaketi karibu nami.

"Marahaba, mwanangu. Alituambia utakuja kuuliza. Tukangoja. Wengine wakaja, wakauliza. Ameolewa ng'ambo ya mto, mwezi uliopita."

Nikamaliza maziwa, maana kwao kuyaacha ni tusi. Nikatazama ng'ambo. Kulikuwa na vilima kama vya kwetu tu, na moshi wa nyumba za watu.

Nilifaulu, wakuu. Nimefundisha mpaka nimestaafu. Nimeoa mke mwema na watoto wamekua. Sina malalamiko. Lakini alasiri za kiangazi, Jumanne au Alhamisi, nikisikia redio ya jirani inazungumza mbali, mwili wangu unataka kuinuka upande baiskeli. Mpaka leo.

Kijana mwenye uzi, nakuona una akili, kazi na chuo utaviweza. Ila sikia la mkubwa. Kazi ina bosi, atakuuliza. Chuo kina mtihani, utakuuliza. Huyo binti hatakuuliza. Muulize wewe, na umuulize wiki hii.

Karibuni mseme na ninyi, hata wa kunicheka mcheke.

Na kama humu yupo mtu wa ng'ambo ya mto Kagera ambaye mama yake alikuwa akisukasuka maziwa huku redio inaongea, naomba amfikishie salamu. Amwambie mwalimu wa Rugu somo alilielewa.