Fundi Feni katika Mji Usio na Joto

Kama kuna mtu aliyewahi kupeleka ufundi wake mahali usipotakiwa, basi ni Fundi Feni. Alitoka mji wa joto kali, ambako alishinda akifufua feni za watu, akamfuata mkewe, nesi aliyehamishiwa mji ambao hewa yake haimsumbui mtu: mchana shati, jioni sweta jepesi, basi. Nani ana haja ya feni huko? Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu, wakambandika jina la Fundi Feni, kisha wakamletea blenda na pasi zao. Riziki ikapatikana. Lakini jina lile lilimganda, naye hakuusamehe mji.

Mkewe aliupenda tangu siku ya kwanza. Kodi haikuwakaba koo. Uani walikaa watu waliotoka kila pembe, kila mlango na lugha yake, na yeye aliwasalimia wote kwa lugha zao. Fundi, mwenye kichwa kigumu kama jiwe, hakujifunza hata salamu moja. Mkewe akitaka kutundika kioo, yeye alikuja mbio: "Mama, usitoboe ukuta wa watu! Sisi hapa tunapita tu." Akitaja kitanda kikubwa, anaulizwa nani atakibeba siku ya kurudi kwao.

Mwenye nyumba alipotaka kuwauzia vile vyumba kwa bei ya kutupa, Fundi aliwaka kama aliyetukanwa. Mkewe akaenda kuosha vyombo. Laiti Fundi angemfuata jikoni siku ile!

Miaka ikaenda. Watoto wakakua, wakashika njia zao. Mkewe hakuomba tena kitu, na Fundi, masikini, alidhani hiyo ndiyo amani.

Kisha akaenda msibani kule kwao kwa zamani. Jasho lilimtoka kama maji, hakulala, na mtaa mzima hakuna aliyemjua. Alijikuta akiukumbuka ule ua, kelele zake na upepo wake. Aliporudi, hata begi hakuliweka chini. Alipitia kwanza kwa mwenye nyumba, ndipo akaingia ndani akihema.

"Mama watoto, tunanunua! Nimeshaongea naye. Hatuendi popote."

Mkewe alikuwa anakunja nguo.

"Umechelewa, Fundi. Nimepata uhamisho. Tunarudi kwenu."

"Uhamisho? Nani kakutuma uombe?"

"Wewe," alisema, wala hakuwa na hasira. "Miaka yote hii umenituma wewe."

"Basi kakatae! Nakuomba. Si unapapenda hapa?"

Mkewe aliketi. "Nilipapenda. Nikajizuia kwa ajili yako, kidogo kidogo, mpaka nikazoea. Sasa nikitoka hapo nje, naona mtaa tu. Nitakaa hapa nifanye nini?"

Fundi alilia mbele yake bila aibu, akajilaani, akaomba radhi. Mkewe alimsamehe palepale. Mwisho wa mwezi walihama.